Kibati cha Jirani

Jumapili, Novemba 3, 1912

Leo tukiwa mezani Teklia ameniuliza: "Mama, baba alikuwa nani kabla hajawa makaa?"

Baba mkubwa Semen alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mimi nami nilicheka. Mtoto ana miaka minne. Anamwona babake akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, yanaonekana meno na macho tu. Anaoga, anakuwa mtu mwingine, mtu huyo analala, na jioni anaondoka tena kwenda kuwa makaa. Mtoto atajuaje yupi ndiye baba wa kweli?

Basi nimeamua kuandika. Binti wa shemasi wa kijijini kwetu alinifundisha herufi kwa majira mawili ya baridi, kisha akaolewa, na masomo yangu yakaishia hapo. Nikikosea nisamehewe. Kila nitakalolipata kuhusu maisha ya mume wangu Prokip nitaliweka humu, ili Teklia na mdogo wake Matvi wakikua wasome wenyewe. Tena Prokip ameapa kwamba haya ndiyo majira yake ya mwisho chini ya ardhi. Theluji ikiyeyuka tunakwenda kaskazini kuchukua shamba. Serikali ya Kanada inagawa msitu kwa yeyote mwenye nguvu za kuung'oa.

Jumamosi, Novemba 9

Maji ya Prokip huchemka wakati mkate uko kwenye tanuri. Anakaa ndani ya pipa kama kuku anayeatamia, magoti kidevuni, nami namsugua kichwa, shingo, mikono na kifua. Mgongo siugusi. Wachimbaji wa hapa hawapatani kwa lolote, si sisi, si Waitaliano, si Waskoti, ila kwa hilo moja wamepatana: mgongo ukioshwa hulegea, na mgongo uliolegea hauhimili paa la mgodi likishuka. Kwa hiyo tangu niolewe, mgongo wa mume wangu nauona mweusi tu, kama ubao wa shule.

Akiwa ndani ya maji ndipo husema. Nje ya maji maneno yake ni ya kuokoteza.

Leo tulikumbuka siku niliyoshuka kwenye gari la moshi kuja kuolewa naye. Alikuwa amejisugua mpaka ngozi imekuwa nyekundu, lakini masizi yaliyoingia kwenye kope hayatoki kwa sabuni yoyote. Nilimwona amesimama pale stesheni, macho yamezungushiwa mstari mweusi, nikasema moyoni, ole wangu, nimevuka bahari yote ile kuja kuolewa na mwanamume anayepaka wanja!

"Na ukanikubali hivyohivyo na wanja wangu?" aliniuliza.

"Nilidhani ndio mtindo wa Kanada."

Alicheka hadi maji yakamwagika sakafuni, nikapiga deki upya.

Alhamisi, Novemba 14

Theluji. Mkate haukuumuka.

Jumatano, Novemba 20

Nyumba yetu ni ya kampuni, imeshikana ukuta na ya Gaspare, Mwitaliano. Mkewe anaitwa Nunziata, amekuja mwaka huu, ana mimba kubwa na mdomo mkubwa kuliko mimba. Bomba lao la moshi limeinama upande wetu. Leo nepi zote za Matvi zilizokuwa kwenye kamba zimejaa masizi.

"We jirani!" nilimwita. "Moshi wako umenifulia nguo!"

"Moshi wangu? Na hiyo kabichi yako iliyooza kwenye pipa, mbona mimi naila kwa pua kila siku nimenyamaza?"

"Haijaoza, imechacha!"

"Haya, imechacha. Mwite padri aizike."

Tunasemezana kwa kile kilugha cha mgodini, nusu Kiingereza, nusu mikono. Kwa kutukanana kinatosha kabisa.

Nimefua nepi zote upya. Vidole vimekufa ganzi. Mwanamke yule simpendi.

Alhamisi, Novemba 28

Prokip amesimulia kidogo. Baba yake, ambaye ni mdogo wa Baba mkubwa Semen, alikuwa na shamba karibu na mto Prut, jembamba hivi kwamba ng'ombe akigeuka mkia unaingia kwa jirani. Hata hilo likauzwa vipande vipande. Prokip alipoondoka baba yake alivua koti lake la ngozi ya kondoo akamvisha yeye. Merikebuni mabaharia wakataka kulitupa baharini, wakidai lina chawa. Prokip akalivaa, akalikumbatia, akawaambia, "Litupeni pamoja na mimi." Wakamwacha. Lipo hadi leo, ndilo tunalomfunika Teklia.

Alianza kwa kutandika reli, akilala ndani ya behewa. Ndipo Semen, aliyekuwa mgodini hapa tayari, akamwandikia: njoo, huku angalau kuna paa juu ya kichwa.

"Nilipofika nikamuuliza, paa lenyewe likoje?" Prokip alisema. "Akanijibu, lipo, ila usiligeuzie kisogo."

Semen siku hizi hashuki tena. Kifua kimemkataa. Yuko juu, anachambua mawe kwenye makaa. Lakini ndiye aliyemfundisha Prokip kusimamisha nguzo nyingi kuliko anazolazimishwa, na wenzake humcheka kwamba anajenga kanisa huko chini.

Alhamisi, Desemba 5

Jambo hili lazima niliandike. Siku ya kwanza Prokip aliposhuka mgodini alivua kofia, akasimama gizani, akasema: "Habari zenu, wazee." Wenzake wakauliza anaongea na nani. Akasema kwetu mtu huingia ardhini mara moja tu, na hao walioingia kabla yangu wamo humu, siwezi kupita bila kuwasalimia.

Walimcheka. Lakini ameniambia mpaka leo husalimia, ila sasa kimoyomoyo.

Jumapili, Desemba 8

Matvi ameota jino! Ameling'atia kidole changu.

Jumapili, Desemba 15

Gaspare alikuja kumtafuta Prokip. Nilipotoka na ndoo niliwakuta nyuma ya banda la kuku, vichwa vimekutana kama wezi. Wakanyamaza. Gaspare akaniinamia kwa adabu nyingi mno.

"Mlikuwa mnasema nini?" nilimuuliza Prokip baadaye.

"Mambo ya kuku."

"Kuku gani? Tunaye mmoja."

"Ndiye huyohuyo," alisema, akaenda zake kupasua kuni.

Kama ni karata au pombe nitajua. Mwanamume yule humfanya mume wangu acheke sana, na mkewe huninyima raha. Nyumba ile haina jema kwangu.

Ijumaa, Desemba 20

Baridi imegandisha bomba la maji la mtaa. Nunziata alikuja na birika la maji ya moto, akalimwagia bomba, likafunguka. Akajaza ndoo yake, akaondoka bila kunisalimia. Lakini bomba aliliacha wazi ili nami nipate.

Jumatano, Desemba 25

Hii ni Krismasi yao. Yetu bado, ni tarehe saba Januari, kwa hesabu ya kanisa letu. Naandika ya jana. Nataka kuyaandika yote, maana mwisho wake nimeshaujua na nimekaa karibu nao, unakoroma.

Jana asubuhi Prokip alirudi kutoka zamu na hakutaka kuoga.

"Nakwenda mjini na gari la moshi," alisema. "Ofisi ya ardhi imefunguliwa leo, kesho wanafunga kwa sikukuu yao."

"Uende ofisini na uso huo?"

"Nitanawa stesheni. Usiku mgodi hauna zamu, nitalala baadaye."

Mimi nikiambiwa habari za shamba sina akili nyingine. Nilimfungia mkate na vitunguu. Akambusu Teklia akamwachia doa puani, akatoka. Kutoka dirishani nikamwona Gaspare naye anatoka na kopo lake la chakula kwenda zamu ya mchana, kama kawaida.

Mchana king'ora kikalia, saa isiyo yake.

Kila mwanamke wa mtaa huu anajua maana yake. Nilisimama, kisha nikakumbuka: wangu yuko mjini. Nikashusha pumzi. Nikiwa bado naishusha nikasikia ng'ambo ya ukuta sufuria inaanguka na Nunziata akiita jina la mumewe.

Sijui nilifikaje. Nilimkuta sakafuni anahangaika na viatu, tumbo halimruhusu kuinama. Nikapiga magoti nikamfunga kamba. Nikamfunga Matvi kifuani kwa shali, nikamshika Teklia mkono huu na Nunziata mkono ule, tukaenda.

Mlangoni mwa mgodi kuna ubao wa misumari. Kila mtu ana kibati chake cha shaba chenye namba. Akishuka anakichukua, akitoka anakirudisha. Msumari mtupu maana yake mtu yuko chini. Walikuwa wanatoka mmoja mmoja wakikohoa, kila mmoja anatundika chake, na misumari ikawa inajaa, inajaa, mpaka ukabaki mmoja. Pugh, nyapara, Mwelisi mwenye masharubu, akausogelea akausoma.

"Gaspare," alisema. "Paa la sehemu yake limeshuka. Tunachimba."

Nunziata akaanza kuanguka. Nilimdaka na tumbo lake, nikamkumbatia, nikawa nasema tu, "Jirani, nipo. Jirani, mimi nipo." Mwanamke niliyekuwa nimemlaani kwa nepi! Alilia kwa lugha yao shingoni mwangu, na sikuhitaji mkalimani.

Ndipo nikasikia watu wanaguna. Kwenye njia ya stesheni alikuwa anakuja mtu mbio, koti wazi, amekumbatia samaki aliyefungwa kwenye gazeti. Gaspare. Mzima, msafi, amenyoa ndevu.

Nunziata alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Akamrukia, akawa anampiga ngumi kifuani huku anambusu. Lakini Gaspare hakuwa anamtazama mkewe. Alikuwa ananitazama mimi. Akavua kofia taratibu.

Alipovua kofia nikajua.

"Prokip," alisema. "Mama Teklia, Prokip ana kibati changu. Mimi nilitaka leo nyumbani, Krismasi ya kwanza ya mke wangu huku, nimpikie samaki, nimshtue. Pugh alikataa. Prokip akasema nenda, mimi nitashuka. Na yeye mkesha wenu, tarehe sita, mimi nishuke. Mama Teklia…"

Kumbe kuku wenyewe ndio hao.

Sikulia. Nakumbuka nilimwambia Teklia afunge kifungo cha juu cha koti, baridi inaingia. Kisha nikasikia mtu ananifungua shali. Alikuwa Nunziata. Alimchukua Matvi akamweka juu ya tumbo lake, na kwa mkono wa pili akanishika mkono wangu, akaubana. Alama za vidole vyake zipo mpaka sasa.

Gaspare alimtupia Semen yule samaki, akanyakua sururu na taa.

"We!" Pugh alipiga kelele. "Nani amekuruhusu kushuka? Kibati chako kiko wapi?"

"Kibati changu kiko chini tayari!" alijibu Gaspare, akapotea gizani.

Tulingoja. Theluji ilianza tukaendelea kungoja. Wanawake wa Kiskoti walileta chai, Teklia akanywa kikombe changu. Semen alishuka hadi pale kifua chake kilipomruhusu, akalaza sikio kwenye reli ya magari ya makaa, akarudi juu akikohoa na kucheka kwa pamoja.

"Anagonga," aliniambia. "Mwanangu, anagonga! Tena taratibu, kama mgeni anayebisha hodi. Ni wa kwetu yule."

Walimtoa jioni. Alikuwa amesimamisha nguzo zake za kanisa mle kwenye sehemu ya Gaspare, kwa sababu hakulipenda paa, na paa liliposhuka zikalishika kiasi cha mtu kujikunja chini yake. Mbavu zimevunjika upande mmoja, bega limechubuka, basi. Gaspare ndiye aliyeshika kichwa cha machela. Prokip akafumbua macho, yale macho yenye wanja, akamtazama yeye kwanza.

"Paa lako ni bovu," alimwambia. "Nimekuambia mara ngapi uongeze nguzo, we kichwa kigumu?"

"Mara nyingi," alisema Gaspare, analia waziwazi.

"Samaki umempata?"

Ndipo mimi nikalia.

Kubadilishana vibati ni kosa la kufukuzwa kazi. Tulisimama tukimngoja Pugh. Alimtazama Prokip, akamtazama Gaspare, akayashika masharubu yake akayazungusha.

"Nimeona mtu mmoja ameingia na mtu mmoja ametoka," alisema. "Zaidi ya hapo macho yangu yamejaa vumbi." Kisha akachukua kile kibati kwenye mfuko wa Prokip, akakitundika mwenyewe msumarini.

Nyumbani tulimlaza juu ya meza. Daktari wa kampuni alisema aoshwe mwili mzima kabla hajafungwa bendeji. Nilipofika mgongoni nikasimama na kitambaa mkononi.

"Osha," Prokip alisema. "Hivi sasa kuna nini cha kulegea?"

Nikaosha mgongo wa mume wangu kwa mara ya kwanza. Maji yalibadilishwa na kubadilishwa. Chini ya weusi ule kuna ngozi nyeupe kama ya Matvi, na ndani ya ngozi mna alama ndogondogo za samawati, makaa yaliyoingia kwenye majeraha yakaponea humo. Sikuwahi kuziona. Nilikuwa nikiigusa moja anasema: hii ni mwaka wa kwanza. Hii ni siku Semen aliponivuta mguu kunitoa chini ya mawe. Hii sikumbuki. Maisha yote niliyokuwa nayatafuta kwa maswali yalikuwa yameandikwa pale, nami kwa miaka yote nimekuwa nikiuruka ukurasa.

Leo asubuhi Nunziata amebisha hodi na sahani ya samaki. Sisi tuko kwenye mfungo bado, lakini samaki tunaruhusiwa. Ameweka mezani, akanusa pipa langu.

"Bado inanuka," alisema.

"Na bomba lako bado limeinama."

Akanibusu mashavu yote mawili akaenda.

Jumatatu, Desemba 30

Furaha haikukaa. Pugh amekuja, amesimama mlangoni, hakutaka kuketi. Anasema si yeye, ni wakubwa: kuanzia mwaka mpya Prokip amepangiwa zamu ya mchana, na asipokuwa kwenye sehemu yake Jumatatu tarehe sita, sehemu anapewa mwingine, na nyumba hii ni ya wenye kazi.

Tarehe sita ndiyo siku ya chakula chetu kitakatifu, mkesha wa Krismasi yetu. Na mbavu hazijaunga.

"Mwambie Pugh nitakuwepo," alisema Prokip kitandani. Kisha akapiga chafya, akafumba macho kwa maumivu mpaka jasho likamtoka.

Alhamisi, Januari 2

Amejaribu kuinua ndoo ya maji. Hakuweza. Amejifanya alikuwa anaisogeza tu.

Jumapili, Januari 5

Gaspare na Nunziata walikuja baada ya chakula cha mchana. Sehemu ya Gaspare imefungwa mpaka paa litengenezwe, yuko nyumbani hana kazi.

"Kesho mimi nashuka," alisema. "Kibati chako. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla paa halijaniangukia," alisema Prokip. "Siku hiyo imefutika. Huna deni."

"Na keshokutwa nashuka. Mpaka mbavu zako zipone. Sehemu yako nzuri, nguzo nyingi. Ni kama kuchimba katika hoteli."

Semen alicheka. Mimi sikucheka. Nilimvuta Nunziata jikoni.

"Mwambie akatae," nilimwambia. "Hali yako hiyo. Mimi nimesimama pale juu, sitaki usimame tena."

"Mimi pia sitaki," alisema. "Nimemwambia jana usiku, nimempigia kelele, hukusikia kupitia ukutani? Lakini mumeo alilala chini ya mawe ya mume wangu. Nikimzuia nitakutazamaje kwenye kamba ya nguo?"

"Utanitazama kama zamani. Vibaya."

Tukacheka, halafu tukashikana.

"Basi kesho uje hapa," nilimwambia. "Ushinde na mimi. Kama ni kungoja, tungoje pamoja."

Jumatatu, Januari 6, 1913

Nunziata alikuja Gaspare alipotoka tu hapa kwetu. Gaspare alikuwa amevaa koti la Prokip la mgodini na kofia yake, na Prokip alimfunga taa kwa mkono mmoja.

"Ukiingia, salimia," alimwambia.

"Nimsalimie nani? Kule chini?"

"Wewe salimia tu. Vua kofia useme habari zenu, wazee. Wamenizoea, wataitikia."

Kutwa nzima tulipika. Vyakula kumi na viwili, hakuna nyama, hakuna maziwa. Supu ya bitiruti, samaki, kabichi iliyoviringwa, maharage, uyoga, na varenyki, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, ambazo Nunziata amezikunja haraka kuliko mimi na kuzipanga kama askari. Na kwanza ya yote kutia, ngano ya kuchemshwa na asali na mbegu za mpopi. Alistaajabu nilipotandika nyasi kavu mezani chini ya kitambaa.

"Mnamlisha nani, farasi?"

"Mtoto alizaliwa zizini."

"Na vitunguu saumu kwenye pembe za meza?"

"Kufukuza uovu."

"Halafu mnasema ni mimi ninayenuka."

Kila alipocheka aliutazama mlango. Nami niliutazama. Tulikuwa tunapokezana, kama watu wanaobeba mzigo mmoja.

Kwetu meza ya leo huwekwa kiti kimoja zaidi, na sahani na kijiko, kwa ajili ya marehemu wa nyumba. Hakuna anayekikalia. Nilipokuwa nafuta ile sahani, nilikumbuka kwamba zimepita siku chache tu tangu niliposimama kwenye theluji, na kwamba sahani hii ilitaka kuwa ya nani. Nikaiweka chini nikakaa. Nunziata hakujua habari za sahani, lakini aliichukua mikononi mwangu, akamaliza kuifuta.

"Ya nani?" aliuliza.

"Baba yake Prokip. Alikufa huko nyumbani, tukapata barua baada ya mazishi."

Akaiweka mezani kwa mikono miwili.

Jua likazama. Haturuhusiwi kugusa chakula mpaka nyota ya kwanza, na kazi ya kuitafuta ni ya mtoto. Teklia alibandika pua kwenye kioo. King'ora cha kutoka kikalia. Tukasikia viatu vya wanaume vinapita mtaani, milango inafunguliwa na kufungwa, kisha kimya. Gaspare hakuja.

"Nyota!" Teklia alipiga kelele. "Ile pale! Tule!"

Semen aliinuka na mshumaa kuanza sala. Prokip alinitazama.

"Bado," nilisema.

"Mwanangu, nyota imetoka," alisema Semen.

"Nyota imetoka, mtu hajatoka. Hatuanzi."

Kutia ilipoa. Nunziata alikuwa amesimama, mikono miwili chini ya tumbo, midomo inatembea. Prokip aliinuka akaanza kutafuta kiatu chake, na hakuna aliyemwambia keti.

Ndipo viatu vikasikika. Vya mtu anayekimbia. Mlango ukafunguliwa kwa teke na Gaspare akaingia na baridi yote ya mlimani, mweusi tii, taa bado iko kichwani, anahema.

"Nimeona nyota!" alisema. "Mlisema chakula ni nyota ikitoka! Sijaoga, nimekimbia, Pugh kanichelewesha. Nimerudisha kibati, ananitazama hivi usoni, mimi, masharubu yangu haya, ananiambia, 'Krismasi njema, Prokip, na mbavu zinaendeleaje?' Nikamwambia, zinaendelea vizuri, bwana. Akanipa tumbaku!"

Na akiwa bado anasema, akavuta kiti kilichokuwa kitupu, akakaa, akashika kijiko.

Kiti cha marehemu.

Tuliganda. Semen mshumaa ulimwinamia mkononi. Gaspare akatutazama mmoja mmoja, kijiko hewani.

"Nini? Nimefanya nini? Ningeoga kwanza?"

"Umekaa kwa watu waliokufa," Teklia alimwambia.

Aliruka kana kwamba kiti kina moto, akajipiga ishara ya msalaba, akashika chuma cha jiko kufukuza mkosi, akashika kila kinachoshikika. Nunziata akauficha uso kwa aproni. Nilidhani analia.

Semen alimwekea mkono begani akamrudisha kitini.

"Keti, mwanangu," alisema. "Marehemu mdogo wangu hakuwahi kumnyima kiti mtu aliyetoka kazini. Na ulimsalimia?"

"Nilisalimia," alisema Gaspare kwa sauti ndogo. "Nilivua kofia. Nilisema habari zenu, wazee."

"Basi mmeshajuana. Kula."

Prokip ndiye aliyeanza kucheka, ameshika mbavu, anasema aa, aa, msinichekeshe, inauma, na hakuweza kuacha. Nunziata aliondoa aproni usoni, machozi yanamtiririka, kumbe kicheko kilikuwa kimemkaba tangu mwanzo. Tukacheka wote mpaka Matvi akaamka. Kisha Semen akasali, na nikampakulia Gaspare kutia wa kwanza, kwenye sahani ile, ikajaa.

"Hii nini?" aliuliza.

"Ngano na asali."

Akaonja. Akafikiri. "Hao wazee wako wanakula vizuri," alisema, akainua sahani aongezwe.

Jumanne, Januari 7

Krismasi. Kesho Gaspare anashuka tena, na kesho yake, mpaka bendeji zitoke. Prokip amelala chali, anamfundisha Teklia jina la babu yake na la mto wa kwao.

Nimefua kitambaa cha meza. Mahali pa marehemu pamebaki alama ya mikono miwili ya makaa, vidole vyote kumi. Nunziata alikuwa anaanika zake, akaiona, akasema ana sabuni ya kwao inayotoa kila kitu, aniletee?

Nikamwambia aiache. Nimekianika hivyohivyo, upande wa bomba lake.